Mzazi Anaposhikwa na Maumivu ya Kifua Katika Hospitali ya Watoto

Hospitali ya watoto haina watoto peke yao. Wamo wazazi wanaokesha kando ya vitanda, mabibi na mababu waliokuja kuwajulia hali wajukuu, na wafanyakazi wenyewe, ambao baadhi yao wamefikia umri wa maradhi ya moyo. Ndiyo maana siridhiki na kauli ya kwamba "sisi hutibu watoto tu" pale mtu mzima anaposhika kifua huku jasho likimtoka.

Sidai kwamba hospitali hiyo iwe na chumba cha kuzibua mishipa ya moyo. Ninachodai ni kipimo cha umeme wa moyo ndani ya dakika 10, pamoja na makubaliano ya mapema na hospitali ya watu wazima ili daktari wa moyo wa huko akisome mara moja. Kwa watoto maumivu ya kifua ni nadra kutokana na moyo, na mazoea hayo humfanya hata muuguzi hodari atulie mahali pasipo pa kutulia.

Aspirini, dawa inayosaidia kuzuia damu isigande katika mshipa wa moyo, nayo huogopwa, na kwa watoto woga huo ni wa haki kwa sababu ya ugonjwa wa Reye, ugonjwa adimu unaodhuru ini na ubongo. Hata hivyo, mara nyingi stoo huwa na vidonge vya miligramu 81 kwa ajili ya ugonjwa wa Kawasaki, yaani uvimbe wa mishipa ya damu unaowapata watoto, na vinne vikitafunwa hufanya miligramu 324, dozi inayomfaa mtu mzima asiye na mzio wala asiyevuja damu. Mashine ya kushtua moyo nayo iwe na pedi za watu wazima, kwa kuwa baadhi ya zile za watoto hupunguza nguvu ya umeme.

Baada ya hapo ni rufaa bila kusubiri majibu ya maabara, kwa kuwa kipimo kikishaonyesha mshipa umeziba, lengo ni kuuzibua ndani ya dakika 120 endapo mgonjwa anahamishwa.

Linalonigusa zaidi ni mtoto anayebaki wodini. Mama aliye peke yake huficha maumivu au hukataa kupanda gari la wagonjwa, wala simlaumu, maana hajui mwanawe ataachwa na nani. Mpango wa dharura usiomtaja muuguzi wa kukaa na mtoto huyo ni pungufu, na namba ya ndugu wa pili inapaswa kuandikwa siku ileile mtoto anapolazwa.