Kikwembe si kiti barazani

Tarehe 8 Machi, Siku ya Wanawake, imepita, na makampuni ya Lubumbashi yametuonyesha picha zile zile: wamama ndani ya kikwembe chenye nembo ya kampuni, keki mezani, bosi katikati anachekelea. Sasa nenda kwenye RCCM, daftari la kuandikisha makampuni, usome majina ya wajumbe wa baraza la utawala. Baba, baba, baba.

Ukiuliza: "Wanawake wenye uwezo hatuwapati." Mmewatafuta wapi? OHADA, sheria ya pamoja ya biashara ya nchi kadhaa za Afrika ambayo Kongo tunaifuata tangu 2012, inaipa SA, yaani kampuni ya hisa, wajumbe 3 hadi 12. Muhula haupiti miaka 6, kwa hiyo siku ya kiti kubaki wazi inajulikana mapema. Mjumbe akifa au akijiuzulu, baraza lenyewe linaweza kuziba nafasi, mkutano mkuu wa wenye hisa unathibitisha baadaye. Mlango upo, ila mnaupitishia shemeji.

Na kumweka mama mmoja kati ya wanaume 11 ni picha nyingine tu. Baraza la watu 12 linakaa kihalali wakifika 6, na kwa hao 6 kura 4 zinatosha. Akiwa safarini, mambo yamepita. Akiwepo, dosie nzito, makaratasi ya kusoma kabla, anapewa usiku wa kuamkia kikao. Akigusa mkataba wa kampuni ya mtoto wa mwenyekiti anaambiwa "mama, tutaongea baadaye", na PV, kumbukumbu ya kikao, haitaji swali lake. Hapo ndipo jina la kampuni linapoanza kuoza. Siku maji ya mgodi yanapofika mtoni, au shefu anapowataka wasichana kimapenzi ndipo wapate kontra, mnakimbilia kununua tangazo redioni.

Anayetaka kweli aandike katika kanuni za ndani: dosie siku 10 kabla, kila swali liingie kwenye PV na jibu lake, kamati ya hesabu iwe na wanawake 2 wasio ndugu wa mwenye hisa. Wawili, kwa sababu akipinga mmoja watasema ni kiburi chake.

Haya, mwanamke naye anaweza kusinzia kikaoni kama wazee wetu. Na Norway ilipodai angalau 40% ya viti vya baraza kwa wanawake, kwa sheria ya 2003, kampuni nyingine zilibadili muundo kuikwepa. Ufaransa mwaka 2011 ikaweka meno: uteuzi unaovunja kiwango ni batili. Kwetu Kongo kuna kifungu cha 14 cha Katiba, kuna sheria ya 2015 ya usawa wa wanawake na wanaume, meno hakuna.

Mkutano mkuu wa mwaka lazima ukae kabla ya Juni kwisha. CV zikusanywe sasa, zisomwe Aprili, ili Mei mtu asituambie muda ulikuwa mfupi.