Machozi ya Sinema na Machozi ya Ukumbini

Wapenzi wa muziki wa okestra wana ugomvi wa siku nyingi. Upande mmoja unadai kwamba muziki wa filamu ndio pekee uliobaki na uwezo wa kugusa moyo, kwa kuwa watunzi wa klasiki wa karne ya 20 waliyatupa mahadhi, wakawa wanaandikiana wao kwa wao. Upande wa pili unajibu kwamba hisia za muziki wa filamu ni za kuazima: ondoa picha uone kinachobaki. Kila upande una ukweli wake, ila naona wote wanatafuta jibu ndani ya nota, na jibu haliko huko.

Mwaka 1975, katika filamu ya Jaws, mtunzi John Williams alitumia nota mbili tu zinazopokezana kutangaza ujio wa papa. Watazamaji waliingiwa na hofu kabla ya kumwona samaki mwenyewe. Nota hizo peke yake hazitishi mtu. Zinatisha kwa sababu zimefungwa kwenye tukio na zinarudi kila hatari inapokaribia, mpaka sikio linajua kabla ya jicho. Mtunzi Mjerumani Richard Wagner alikuwa amefanya hivyo katika opera zake karne moja kabla, akiwapa wahusika wake mahadhi yao. Msikilizaji hahitaji somo lolote. Hadithi yenyewe inamfundisha.

Hapo ndipo muziki wa kisasa wa ukumbini, yaani wa klasiki, ulipojikwaa. Mtunzi Arnold Schoenberg alipoanza kutunga kwa mfumo wa nota 12, ambamo nota zote 12 zina uzito sawa, miaka ya 1920, msikilizaji alinyang'anywa mpangilio wa sauti aliouzoea tangu utotoni, na hakupewa kitu cha kushika badala yake. Kumlaumu aliyetoka ukumbini bila kuguswa ni kumwonea.

Lakini tazama kilichompata Krzysztof Penderecki, mtunzi wa Poland. Mwaka 1960 alitunga kipande cha ala 52 za nyuzi, sauti zikiwa zimebanana na fidla zikilia juu kabisa ya uwezo wake. Mwanzoni jina lake lilikuwa muda wake tu: dakika 8 na sekunde 37. Baadaye akakiita Maombolezo kwa Wahanga wa Hiroshima, na tangu hapo watu husikia humo ving'ora na vilio. Basi anayeidharau filamu kwa kuazima hisia kutoka kwenye picha akumbuke kwamba hata ukumbini hisia huazimwa, wakati mwingine kutoka kwenye jina.

Na sinema yenyewe ndiyo iliyothibitisha kwamba muziki huu mgumu una hisia. Mwaka 1968 mwongozaji Stanley Kubrick aliuweka kando muziki ambao mtunzi Alex North alimwandikia kwa ajili ya filamu ya 2001: A Space Odyssey, akatumia rekodi zilizokuwapo, zikiwemo za mtunzi wa kisasa György Ligeti. Kimojawapo cha vipande hivyo, Atmosphères cha mwaka 1961, hakina mahadhi wala mapigo ya kufuata. Watu ambao wasingekata tiketi kumsikiliza Ligeti walikaa gizani wakimsikiliza, na hakuna aliyehitaji kuelezwa ahisi nini.

Hata hivyo, jambo hili linanisikitisha kwa upande mwingine. Sinema iliuchukua muziki wa kisasa ikaufanya lugha ya kutisha. Kubrick huyohuyo alirudi kwa Ligeti na Penderecki mwaka 1980 kwenye filamu ya kutisha ya The Shining, na tangu wakati huo masikio ya wengi yamefunzwa kwamba sauti zinazogongana maana yake ni damu na mizimu. Furaha na utulivu uliomo kwenye muziki huo haujapata nafasi.

Nachukua mfano wa mtunzi Mfaransa Olivier Messiaen. Alikuwa mfungwa wa kivita katika kambi ya Wajerumani huko Görlitz, na Januari 1941 alicheza humo, pamoja na wafungwa wenzake, kazi yake ya klarineti, fidla, cello na piano iitwayo Kwarteti ya Mwisho wa Wakati. Katika sehemu ya mwisho fidla inapanda taratibu mno juu ya piano inayodunda pole, dakika baada ya dakika, mpaka inafifia huko juu. Mtunzi wa filamu hupewa nafasi hiyo kwa nadra. Yeye huandika kwa sekunde, hisia ifike pale picha inapobadilika, na mhariri akikata tukio, muziki nao unakatwa. Messiaen anaumiliki wakati. Anaweza kumwacha msikilizaji katika hali isiyo huzuni wala furaha, na hali hiyo ikageuka polepole bila mtu kumsukuma. Kwangu hilo ndilo jambo kubwa ambalo ukumbi unalo na sinema haina.

Sisemi kwamba watunzi wa filamu ni wa daraja la chini. Mtunzi Erich Korngold, aliyeshinda Oscar kwa muziki wa filamu ya The Adventures of Robin Hood ya mwaka 1938, alichukua mahadhi ya filamu zake akayajengea konseto ya fidla, yaani kazi ya fidla moja ikisindikizwa na okestra, na mpiga fidla Jascha Heifetz akaicheza kwa mara ya kwanza mwaka 1947. Leo inachezwa na kupendwa na watu ambao hawajawahi kuziona filamu hizo. Mahadhi yalikuwa yaleyale. Alichoongezewa Korngold ni muda wa kuyaacha yakue.