Semina ya Kuukomboa Wakati Ilivyokwama Mkanda

Mgeni wetu alitoka bara na programu iliyokatwakatwa vipande vidogovidogo kama nyama ya mishikaki. Saa 2:00 asubuhi, kupanda boti. Saa 2:05, ombi la safari. Saa 2:10, pambio moja tu, na hiyo "tu" ilipigiwa mstari. Saa 3:45, kufika Faza, kisiwani Pate, ambako ushirika mdogo wa walimu na watumishi wa serikali ulikuwa ukingoja semina ya kuukomboa wakati, Waefeso sura ya 5. Mimi nilipewa kengele. Kazi yangu ilikuwa kuipiga kila kipande kinapokwisha, hata kama anayeomba hajafika kwenye amina.

Jioni ya kuamkia safari nahodha alikuja kuuliza tunaondoka saa ngapi. Alipoambiwa, akatikisa kichwa.

"Mwezi umeandama juzi. Kesho ni bamvua, mai yakipwa yapwa kweli. Tutoke alfajiri, ama tungoje alasiri."

Kwa asiyeijua njia hiyo wala lugha ya nahodha ("mai" ni maji, na bamvua ni siku ambazo maji hujaa na kupwa kupita kawaida): ukitoka Lamu kwenda upande wa Pate unapita Mkanda, mlango mwembamba wa maji kati ya kisiwa cha Manda na bara, mikoko huku na huku. Maji yakijaa unapita, yakipwa hupiti. Nayo hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku yanachelewa kama dakika 50 kuliko jana, kwa hiyo hakuna saa ya kudumu utakayoiandika kwenye karatasi. Mtoto wa Lamu anayajua haya kabla hajajua kufunga vifungo vya shati.

Mgeni alimsikiliza kwa adabu zote, kisha akafunua programu. Alfajiri haimo. "Mzee wangu," akasema, "tukianza kuhamisha ratiba kwa kila sababu, nidhamu tutajifunza lini?" Mwenyekiti wetu, ambaye huogopa sana mtu mwenye tai, akaitikia amina. Nahodha akasema "haya", ile haya ya pwani ambayo si ndiyo wala si hapana.

Tuliondoka saa 2:00 kamili. Tangu niingie kanisa lile sijaona shughuli ikianza kwa wakati namna hiyo. Ombi, kengele. Pambio, kengele. Mgeni akitabasamu, akitia alama ya vema kwa kalamu nyekundu. Maji nayo yalikuwa yakiondoka kwa wakati wake.

Katikati ya Mkanda boti ikasita, ikanesa, ikakaa. Nahodha akainua mashine, akachukua pondo, akasukuma. Pondo likazama kwenye tope mpaka karibu na mkono wake, boti isisogee hata shubiri.

"Itachukua dakika ngapi?" mgeni akauliza.

"Dakika?" Nahodha alilirudia neno hilo polepole. "Mpaka mai yarudi. Saa 8 hivi."

Kwenye programu, saa 8:00 ilikuwa Maswali na Majibu.

Mgeni akaamuru tushuke tusukume. Nahodha akamwambia avue viatu, vyeusi vya ngozi, vinang'aa hata ungejitazama. Akashuka navyo. Tope likamshika vifundoni, likapanda hadi magotini, na alipouvuta mguu wa kushoto ulikuja na soksi peke yake, kidole gumba kikichungulia. Mama wa kwaya akageuka kutazama mikoko, kwa heshima.

Nikatumwa mimi kukitafuta kiatu, sijui kwa nini mwenye kengele ndiye mwenye viatu. Nikazamisha mkono hadi begani, nikagusa kitu chenye kamba, nikavuta kwa shangwe. Kikatoka kwa sauti isiyofaa kuelezwa katika habari za kanisa. Kilikuwa kiatu kweli, tena cha kushoto. Ila kilikuwa raba, ya mtu mwingine kabisa, imeota chaza.

"Hiyo ni ya wakati wa kampeni," nahodha akasema, akatandika turubai lake kwenye shetri, kule nyuma ya boti, akajifunika kofia usoni, akalala.

Mgeni, haki yake nampa, hakukubali siku iende bure. Alifungua semina palepale, mguu mmoja kiatu, mwingine soksi. Na alifundisha! Alisema Paulo hakuyaandika maneno yale akiwa na shajara mezani; sura ya 6 anajiita mjumbe katika minyororo. Mtu asiyeweza kwenda popote ndiye anayewaambia wenzake waukomboe wakati. Tukatazamana, maana na sisi hatukuwa tukienda popote. Nilisahau kengele, naye hakuiulizia.

Kufika saa 6 jua lilikuwa likituwakia utosini na maji ya kunywa yamekwisha. Mweka hazina akashindwa kuvumilia, akaenda kumtikisa nahodha. "Mzee! Umelala na sisi tunaangamia?"

Mama wa kwaya akaangua kicheko. "Marko 4, Yesu amelala dhorubani! Mashua, shetri, usingizi, vyote vimo! Umekosekana mto tu wa kulalia!"

Nahodha akafungua jicho moja, akachungulia nje. Kaa alikuwa akipita kando ya boti, mkavu kabisa. "Mwaangamia ndani ya nini?" akauliza, akalirudisha jicho.

Tulifika Faza saa 10 kasorobo. Mgeni alikuwa ameandaa maneno ya kuomba radhi njia nzima, lakini wa kuyapokea hakuwapo. Mlango wa ukumbi una kufuli. Tukamkuta mwenyeji wetu nyumbani, amechuchumaa, anaupalia wali wa nazi makaa juu ya kifuniko.

"Karibuni, karibuni! Mmewahi kweli," akasema. "Asubuhi niliyatazama maji, nikawaambia watu waje saa 10 u nusu."

Mgeni akafunua programu iliyolowa. Kurudi Lamu: saa 11:00. Akamtazama nahodha kwa woga kidogo.

"Saa 11 mai yamejaa tele," nahodha akasema, uso umemchangamka kwa mara ya kwanza siku ile. "Hapo programu yako imepatia. Twendeni zetu."

Mgeni aliutazama ule wali, akautazama ule ukumbi wenye kufuli, akaikunja karatasi. Akasema tutalala Faza, kisha akauliza kwa sauti ya chini kama kuna mwenye kandambili za kuazima.