Dhahabu ya Kisahani

Jumanne moja saa tano asubuhi nilikuwa tajiri. Kufika saa nane mchana nilikuwa nimerudi kwenye hali yangu ya siku zote, na mjomba wangu alikuwa ameshapanda bodaboda kwenda Pugu kuulizia bei ya viwanja.

Kazi yenyewe haikuwa na harufu ya dhahabu hata kidogo. Nilipewa kaolini, ule udongo mweupe wa Pugu, niipime kwa difraksheni ya eksirei nione kaolinaiti, madini yake makuu, ni kiasi gani na kwatzi, madini ya mchanga, ni kiasi gani. Poda inapigwa eksirei, na kila madini yanajitambulisha kwenye grafu kwa vilele, au mistari kama tunavyoiita, kwenye pembe zake yenyewe. Unasaga kwenye kinu cha akiki mpaka poda iteleze vidoleni kama poda ya mtoto. Nilisaga gramu 2, nikazitandaza kwenye karatasi zikauke vizuri, chini kabisa ya feni. Feni ilikuwa imesimama kwa sababu umeme ulikuwa umekatika. Nikaenda kunywa chai.

Umeme ulirudi kabla sijamaliza chapati ya pili.

Niliporudi, meza nyeupe, sakafu nyeupe, hata kalenda ukutani imepakwa poda kama bi harusi. Kwenye karatasi nilikwangua gramu 0.04.

Sasa, kisahani chetu cha sampuli ni bamba la alumini lenye shimo la mraba, milimita 20 kwa 20. Fundi wa karakana aliambiwa achonge kina cha nusu milimita, akachonga 0.65, na hakuna aliyekipima mpaka siku hiyo ya aibu yangu. Shimo hilo linataka karibu robo gramu ya kaolini, ijae hadi ukingoni, isawazishwe kwa kipande cha kioo, maana mashine inaamini tu kwamba uso wa poda uko sawa na uso wa bamba. Haina namna ya kuchungulia. Gramu zangu 0.04 zililala chini kabisa ya shimo, unene wa milimita 0.1, tena kwa vipara: hapa poda, pale alumini inang'aa. Nikajiambia eksirei hazina macho.

Mrija wa shaba, kilovoti 40, miliampea 40, kuanzia nyuzi 5 hadi 80, hatua ya 0.02, sekunde moja kila hatua. Baada ya saa moja na dakika chache grafu ikakamilika. Kaolinaiti ipo. Kwatzi ipo, ila mstari wake mkuu, ambao kila mtu wa fani hii anaujua kama jina la mama yake, ulikuwa umekaa 26.38 badala ya 26.64. Nikasema mashine imezeeka. Mbele kidogo kuna kilele kirefu kwenye 38.18.

Nikafungua orodha ya madini. Dhahabu: 38.18.

Kilele kilichofuata kilikuwa 44.45, dhahabu inatakiwa 44.39. Mikono ikaanza kunitetemeka. Programu, kwa haki yake, iliniwekea alumini kwenye mapendekezo. Nikaifuta. Niliona inachanganya mambo: kaolini ina alumini ndani yake, kwa hiyo imeisikia harufu tu. (Alumini ya kwenye kaolinaiti imefungwa na oksijeni na silikoni, haitoi mistari ya metali tupu. Hilo nililijua tangu mwaka wa kwanza. Lakini mwaka wa kwanza sikuwa na dhahabu.)

Kilele cha tatu kilikuwa 64.87, dhahabu 64.58. Cha nne 77.99, dhahabu 77.55. Nikasema ina shaba kidogo ndani, ndiyo maana imepanda. Halafu kilele cha pili kilikuwa kirefu kuliko cha kwanza, wakati kwa poda ya dhahabu cha kwanza ndicho kirefu, karibu mara mbili ya cha pili. Nikasema vipande vyake vimelala upande mmoja. Nilikuwa na jibu la kila kitu. Nikampigia mjomba.

Msimamizi wangu alikuja, akaitazama grafu, akauliza swali moja: "Kijana, kwatzi yako imehamia wapi?"

"Dokta, mashine..."

Hakunisikiliza. Akachukua kisahani, akakiosha bombani, akakifuta, akakirudisha ndani kikiwa kitupu, akaanzia nyuzi 35. Tukasubiri dakika 38 za ukimya mzito. Dhahabu ikarudi yote, vilele vinne, virefu kuliko mara ya kwanza.

"Kumbe udongo ndio ulikuwa unaificha," akasema.

Kisha akachukua kalamu. Kitu kikikaa chini ya uso unaotakiwa, mistari yake inateremka kwa mara mbili ya kina, zidisha kwa kosaini ya theta (nusu ya pembe inayosomwa kwenye grafu), gawa kwa nusu kipenyo cha mashine, ambayo yetu ni milimita 240, kisha geuza jibu kutoka radiani kuwa nyuzi. Kwa sakafu iliyo chini milimita 0.65, alumini ya 38.47 inashuka nyuzi 0.29. Inatua 38.18, mlangoni kwa dhahabu kabisa. Atomi za metali hizi mbili zimepangwa kwa mtindo uleule wa mchemraba, ndiyo maana mistari inafuatana kwa mpangilio mmoja. Lakini kosaini inapungua kadiri pembe inavyokua: kwenye nyuzi 65 mteremko ni 0.26, kwenye 78 ni 0.24. Ili iwe dhahabu ungehitaji 0.55 na 0.68. Shaba yangu ya kubuni ilikuwa inaziba pengo hilo. Na kwatzi, iliyokaa juu ya sakafu kidogo, imeshuka 0.26, vilevile kama hesabu inavyotaka. Kile kilele cha pili kirefu ni cha bamba lililopita kwenye rola, likapanga kristali zake upande mmoja.

"Halafu," akaongeza, "mashine hii kitu kikiwa chini ya asilimia 1 inakiona kwa shida. Asilimia 1 ni kilo 10 za dhahabu kwa tani. Geita kule wanahangaikia gramu."

Nilisaga upya, mbali na feni. Siku hizi poda ikiwa kiduchu naitandaza kwa tone la spiriti juu ya bamba la silikoni lililokatwa mshazari, lisilo na mistari yake, na usawa wake naupima kwanza. Kwatzi ikarudi 26.64.

Ikabaki kumweleza mjomba. Nilimweleza yote, kina, kosaini, rola. Alinyamaza kidogo, nyuma yake nikisikia bodaboda inanguruma.

"Sawa mjomba, nimekuelewa," akasema. "Na hiyo alumini, kilo wananunua shilingi ngapi?"