Alfenim: peremende ya Waarabu au ya Wahindi?

Wareno wana peremende ya sukari tupu wanayoiita alfenim. Wahispania huiita alfeñique. Shira huchemshwa mpaka iwe nzito, ikipoa kidogo huvutwa kwa mikono, ikakunjwa, ikavutwa tena, hadi inakuwa nyeupe pe. Ikishakauka, ukiigusa vibaya imevunjika. Ndiyo maana katika lugha zote mbili hata mtu kimbaumbau, wa kupeperushwa na upepo, huitwa kwa jina hilo hilo.

Ubishi uko kwenye asili. Wengi huishia kwa Waarabu, na hoja yao ina uzito: hiyo "al" ya mwanzo ni ya Kiarabu, na ni Waarabu walioeneza kilimo cha miwa kusini mwa Hispania. Kwao neno ni fanid. Lakini f yenyewe inawasuta. Kiarabu hakina p, na Waajemi walisema panid, walioitoa kwenye phanita ya Kisanskriti, lugha ya kale ya India. Ni kama Mwarabu anavyosema filfil pale sisi tunaposema pilipili. Basi wa upande wa pili, wanaoitetea India, hushangilia: Waarabu walikuwa wachukuzi tu!

Hapo ndipo ninapoachana nao. Phanita ilikuwa maji ya miwa yaliyochemshwa yakawa mazito, jamaa ya sukari guru. Sukari ya kuvutwa kwa mikono tunaikuta kwenye mapishi ya Waarabu wa zama za kati, wakiiita fanid. Jina wamelipokea, sawa, ila kilichofika Ulaya kimepitia jikoni mwao, na mpishi si mchukuzi.

Tena safari haikuishia hapo. Kisiwani Terceira, katika Azores, visiwa vya Ureno, alfenim hufinyangwa kwa umbo la njiwa, ua, hata mkono au mguu, ikatolewa kama nadhiri kwa Roho Mtakatifu. Mjini Toluca, Meksiko, alfeñique ni mafuvu na wanyama wadogo wa sukari wanaouzwa kuelekea Siku ya Wafu. Huko sukari ya unga hukandwa kwa ute wa yai; haivutwi kabisa. Anayetaka kumkabidhi Mhindi hati ya peremende hii kwa sababu tu ya phanita, aeleze kwanza fuvu la Toluca linamhusu vipi.