Mita 60 au kina cha maji? Ramani za mafuriko katika bonde la Msimbazi

Mwaka 2015 ulileta mambo mawili katika bonde la Msimbazi, Dar es Salaam, na mkazi wa Magomeni au Kigogo aliyeyaona yote mawili hawezi kulaumiwa akiyaunganisha. Mradi wa Ramani Huria ulianza kupeleka wanafunzi wa vyuo vikuu mitaani, simu janja mkononi, wakichora nyumba, njia na mitaro. Na kabla mwaka haujaisha, kuta za mabondeni zikawa na alama nyekundu za X na matingatinga yakaingia. Ndiyo maana ipo hoja kwamba kumchorea ramani mkazi wa mabondeni ni kumwandalia bomoabomoa. Hoja hiyo ina uzito, lakini naona inamshika asiyehusika.

Mojawapo ya nguzo za kisheria za kuwaondoa watu kando ya mito ni mita 60, umbali ambao Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu kutoka ukingo wa mto. Kwa kulinda kingo, kipimo hicho kinafaa. Ila maji ya mafuriko hayatembei kwa futi kamba. Nyumba inaweza kuwa mita 40 kutoka mtoni, juu ya mwinuko, isiguswe, na nyingine iliyo mita 300 katika tambarare ya Jangwani ikazama hadi madirishani.

Hapa programu za ramani zinatoa kitu ambacho sheria haina: kina cha maji mahali kwa mahali. Ila data za mwinuko zinazopatikana bure kutoka angani kwa kawaida huwa na vipande vya mita 30 kwa 30, yaani kipande kimoja humeza nyumba, uchochoro na mtaro kwa pamoja, na kosa la kimo linaweza kufika mita kadhaa. Mabondeni, mita moja ndiyo tofauti kati ya kupandisha godoro mezani na kupanda juu ya paa. Ramani Huria ilijaribu kuliziba pengo hilo kwa picha za ndege zisizo na rubani na, lililo kubwa zaidi kwangu, kwa kumbukumbu za wakazi. Mkazi anaulizwa maji yalifika wapi, naye anaonyesha kwa mkono: magotini, kiunoni, kifuani, au anaelekeza mstari wa tope uliobaki ukutani. Jibu linawekwa kwenye nukta yake ramanini, na majibu ya majirani yanalisahihisha. Kwa hatua hiyo ndogo, anachokijua mama aliyepandisha watoto juu ya kabati Desemba 2011, mafuriko yalipoua takriban watu 40 jijini, kinakuwa takwimu ambayo programu ya InaSAFE, inayofanya kazi ndani ya QGIS, programu ya kuchora ramani, inaweza kuilinganisha na nyumba, shule na zahanati zilizopo, ili serikali ya mtaa ijue wazee wa uchochoro upi watolewe kwanza na mtaro upi uzibuliwe kabla ya masika.

Wapinzani nao wana neno. Ramani iliyo wazi kwa wote iko wazi kwa dalali pia, na nyumba iliyopakwa rangi ya hatari inaweza kushuka bei kabla mwenyewe hajaiona rangi hiyo. Mto wenyewe hautulii: mchanga na taka hujaza mkondo, hivyo kina kilichopimwa msimu mmoja hakiaminiki miaka mitano baadaye, na kazi hii ilitegemea sana fedha za wafadhili, Benki ya Dunia ikiwemo. Tena, hakuna aliyehitaji kompyuta kujua kwamba Jangwani hujaa maji, na bado karakana ya mabasi ya mwendokasi ilijengwa hapohapo.

Kejeli hiyo ya mwisho ndiyo inayonisogeza zaidi upande wa ramani. Ujuzi ulio vichwani mwa wakazi mhandisi anaweza kuupita kimya. Ulioandikwa kwa kina na tarehe, itabidi aeleze kwa nini ameupuuza. Nakala ya ramani hiyo ikibandikwa ofisi ya serikali ya mtaa, ikiwa na mwaka wa kupimwa, mkazi aliyekuta X ukutani atakuwa na cha kuweka mezani anaposema nyumba yake haijawahi kuingia maji, au, ikiwa imewahi, anapodai fidia na kiwanja cha kuhamia.