Dari ya Tiepolo isiwe ya mwenye kitanda peke yake

Pesa ikiwapo, unaweza kulala Venice chini ya michoro ya Giambattista Tiepolo, mchoraji wa Venice wa karne ya 18. Palazzo Papadopoli, jumba la karne ya 16 kando ya Mfereji Mkuu, limekuwa hoteli ya Aman tangu 2013, na michoro ya fundi huyo imo hadi kwenye chumba cha kulala. Kwa usiku mmoja wanataka zaidi ya yuro elfu moja. Watu wakisikia hivyo husonya: kazi kama hiyo ingewekwa makumbusho, kila mtu aione. Hapo mimi nakataa, na sina hisa katika hoteli yoyote.

Kwanza, dari si kabati, haihamishwi. Fresko ni rangi iliyopakwa kwenye plasta ikiwa mbichi, vikakauka pamoja. Mafundi wa kuibandua wapo, lakini mchoro uliopimwa kwa mwanga wa madirisha yale na urefu wa kuta zile hupoteza mengi ukipelekwa kwingine. Pili, sehemu kubwa ya sanaa ya Italia haikutengenezwa itazamwe na watu waliopanga foleni. Primavera, picha ya Botticelli, ambayo leo pale Uffizi, makumbusho ya Florence, huioni vizuri mpaka simu za waliotangulia zishuke, mwishoni mwa karne ya 15 ilikuwa nyumbani kwa Lorenzo di Pierfrancesco de' Medici, imetundikwa juu ya kiti kirefu cha kupumzikia. Watu wa nyumba ile walikaa chini yake, wakapiga soga, wakasinzia. Anayeamka hotelini na kuiona dari ya Tiepolo kabla hajapiga mswaki yuko karibu zaidi na alichokusudia mchoraji kuliko mimi niliyekata tiketi.

Halafu kuna jambo ambalo wapenzi wa makumbusho hulisahau. Makumbusho huhifadhi mahameli ya zamani. Hoteli huagiza mpya. Pale Venice kiwanda cha Luigi Bevilacqua bado kinafuma mahameli ya hariri kwa mkono, kwenye mitambo ya mbao ya karne ya 18, na kwa aina iliyo ngumu zaidi mfumaji hodari hupata kama sentimita 30 kwa siku nzima. Nani atanunua kitambaa kinachokwenda kwa mwendo huo? Makasri, nyumba za opera, maduka ya mitindo ya kifahari na hoteli za namna hii. Thurea za kioo za Murano nazo zinawategemea wateja hao hao. Tanuri za kioo zilihamishiwa kisiwa hicho mwaka 1291, ili moto usiuteketeze mji wenyewe, na hadi leo kuna zinazowaka. Sisi wa pwani tusijifanye wageni wa kazi hiyo. Shanga nyekundu zilizoitwa samisami, ambazo misafara ya karne ya 19 ilizibeba kutoka Bagamoyo kwenda bara kununulia chakula na kulipia hongo za njia, zilitoka kwa mafundi wa Venice. Fundi asiye na mnunuzi hufa na ujuzi wake, na hakuna kabati la makumbusho linaloweza kumrudisha.

Basi hoteli nazitetea. Ninachogombana nacho ni mlango unaofungwa kwa wasiolala humo.

Florence ina mfano ambao sijaona unaoushinda. Mwaka 1737, ukoo wa Medici uliotawala mji huo ukiwa hauna tena mrithi wa kiume, Anna Maria Luisa, wa mwisho wao, aliwakabidhi watawala wapya wa nasaba ya Lorraine hazina yote ya familia kwa masharti. Vitu visitolewe mjini, viwe pambo la dola, viwafae watu wote na viwavute wageni. Yaani mwanamke yule aliona utalii wa Florence kabla haujazaliwa. Roma ina mfano wa kinyume. Mwaka 1807 Camillo Borghese, shemeji yake Napoleon, alimuuzia mfalme huyo mamia ya sanamu za kale za ukoo wake, ndiyo maana leo nyingi unazikuta Louvre, makumbusho ya Paris. Mali ilikuwa yake, mlango ulikuwa wake, hakuna aliyemuuliza. Dola ya Italia ilikuja kuinunua villa ya ukoo huo wa Borghese na vilivyobaki mwaka 1902, na shukrani kwa hilo sanamu ya Apollo na Dafne ya Bernini bado imesimama katika nyumba iliyochongewa. Unapewa saa mbili tu humo ndani, kisha unatolewa. Mimi nilizimaliza karibu zote nikiizunguka sanamu hiyo moja, nikitazama vidole vya msichana vikigeuka majani.

Makanisa yamelimaliza suala hili zamani. Ingia San Luigi dei Francesi kule Roma, hatua chache kutoka Piazza Navona: picha tatu za mchoraji Caravaggio ziko pale pale zilipokusudiwa kuwekwa, kiingilio hakuna, ukitaka taa unatumbukiza sarafu.

Na sheria ya hoteli haihitaji kubuniwa upya. Kanuni za urithi wa utamaduni za Italia za mwaka 2004 tayari zinasema jengo lililokarabatiwa kwa mchango wa serikali lazima liwafungulie watu, kwa utaratibu unaokubaliwa na mwenye nyumba. Upungufu ni kwamba aliyekarabati kwa pesa zake mwenyewe hafungwi na kifungu hicho. Ningekipanua. Hoteli yoyote yenye michoro iliyosajiliwa kuwa urithi ifungue vyumba hivyo asubuhi moja kila mwezi, saa nne hadi saa saba, aliyelala akishaondoka na anayefuata hajafika. Kiingilio kiwe kama cha makumbusho ya mji huo, pesa ziende kwa mafundi wa kukarabati. Na kama kuna mgeni atakayekereka kuona watu wa kawaida kwenye ngazi za marumaru, apelekewe kifungua kinywa chumbani.